Kula na Kustarehe Ndani ya Icon of the Seas: Panga Onyesho Kwanza, Chakula Kifuate

Icon of the Seas, meli ya watalii ya kampuni ya Royal Caribbean, iling'oa nanga Miami na abiria wake wa kwanza tarehe 27 Januari 2024. Ilijengwa Turku, Finland, katika kiwanda cha meli cha Meyer Turku. Ina urefu wa karibu mita 365, sitaha 20 na tani za ujazo 248,663. Tani hizo hupima nafasi iliyomo ndani ya meli, hazipimi uzito. Titanic ilikuwa na 46,328, kwa hiyo nafasi yake inaingia humu mara tano na kubaki. Agosti 2025 ilifuata pacha wake, Star of the Seas, inayoondokea Port Canaveral, Florida, na mengi ya mwongozo huu yanaifaa hiyo pia.

Safari zake nyingi ni za usiku saba katika bahari ya Karibi. Vyumba vikiwa na watu wawili wawili, abiria ni 5,610. Familia zikijaa vyumbani, wanafika 7,600. Migahawa na vibanda vya chakula ni zaidi ya 20. Chakula hakitaisha. Kinachoisha ni jioni zako, maana zipo saba tu, na maelfu ya wenzako wanataka viti vilevile kwa saa ileile.

Somo hili nililipata kwenye meli nyingine, ndogo kuliko hii. Usiku wa pili tuliweka meza katika mgahawa wa kulipia bila kutazama ratiba ya ukumbi. Chakula kilikuwa kizuri, tukakaa. Tulipofika mlangoni mwa ukumbi, milango ilikwisha kufungwa, na onyesho lile halikurudiwa hadi tunashuka. Tangu siku hiyo naanza na maonyesho, kisha natafuta saa ya kula. Hatua zilizo hapa chini zimefuata mpango huo.

Hatua ya 1: Ijue meli ilivyogawanywa

Meli imepangwa kama mji wenye mitaa minane. Huna haja ya kuikariri yote, lakini mitano inagusa kula na burudani kila siku.

Royal Promenade ndiyo barabara kuu ya ndani. Hapa utaikuta Pearl, tufe kubwa ambalo watu hupita ndani yake, lenye vigae vinavyocheza kwa mwanga na sauti. Kando yake kuna Pearl Café, yenye kahawa na vitafunio. Central Park, kwenye sitaha ya 8, ni bustani ya mimea ya kweli iliyo wazi juu, na migahawa kadhaa mizuri imeizunguka. Surfside, sitaha ya 7, ni mtaa wa wenye watoto wadogo. Thrill Island, huko juu, ndiko kuliko michezo ya maji. Na kule omoni kabisa, yaani mbele ya meli, sitaha ya 14 na ya 15, kuna AquaDome, kuba la kioo na chuma. Mchana ni mahali pa kukaa kimya ukitazama bahari, usiku panageuka ukumbi wa maonyesho ya majini.

Sasa weka jambo hili akilini: ukumbi mkuu wa chakula uko tezini, yaani nyuma ya meli, sitaha za 3, 4 na 5. AquaDome iko omoni, sitaha ya 14. Kati ya sahani yako na kiti chako kuna karibu urefu wote wa meli, na juu yake ghorofa kumi. Anayemaliza chakula dakika kumi kabla ya onyesho hafiki.

Hatua ya 2: Tenga kilicholipiwa na kisicholipiwa

Nauli yako tayari imelipia chakula kingi kuliko unavyodhani, na wageni wengi hulipa mara ya pili kwa kutojua. Vilivyomo ndani ya nauli ni hivi:

- Ukumbi mkuu wa chakula, wenye meza za kuhudumiwa: kianzio, chakula chenyewe na kitindamlo, na orodha ya vyakula hubadilika kila usiku.
- Windjammer, bufee kubwa.
- Surfside Eatery, bufee ya familia iliyo karibu na mabwawa ya watoto.
- AquaDome Market, vibanda vitano chini ya kuba: makaroni ya jibini, vyakula vya Mediterania, vya Asia, chapati nyembamba za Kifaransa, na sandwichi na saladi.
- Park Café kule Central Park, pamoja na piza ya Sorrento's, taco za El Loco Fresh na aiskrimu ya Sprinkles.

Vinavyolipiwa zaidi ni Chops Grille ya nyama, Giovanni's ya Kiitaliano, Hooked ya vyakula vya baharini, Izumi ya Kijapani, Pier 7 kule Surfside, Starbucks, baa ya michezo ya Playmakers, na Empire Supper Club.

Kama una pesa ya mgahawa mmoja tu wa kulipia, ushauri wangu hauna kigugumizi: nenda Empire Supper Club, mradi hujali kutumia jioni nzima. Ni ukumbi mdogo uliopambwa kwa mtindo wa New York ya zamani. Chakula huja kwa awamu nane, kila moja na kinywaji chake, na wanamuziki watatu wanapiga jazi hatua chache kutoka mezani kwako. Kula na burudani vimekutana kwenye meza moja. Ndiyo sababu usiuweke usiku wa onyesho: huo wenyewe ni onyesho. Migahawa ya nyama na ya Kiitaliano ni mizuri, lakini nyama na tambi utazikuta pia kwenye ukumbi mkuu bila kuongeza hata dola.

Bei za migahawa hii hubadilika kulingana na tarehe na safari. Zitazame kwenye akaunti yako ya safari, katika tovuti ya kampuni, kabla ya kuondoka, kwa kuwa bei ya mapema mara nyingi huwa nafuu kuliko ile utakayoikuta ndani. Ukitaka kula kwenye kadhaa, pigia hesabu kifurushi cha milo: jumlisha bei ya kila mgahawa utakaoingia kweli, uilinganishe na bei ya kifurushi. Usihesabu mgahawa ambao hungeukanyaga kama si kifurushi.

Hatua ya 3: Weka nafasi za maonyesho

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na hapa ndipo watu wengi hupitia mbio.

Maonyesho makubwa yameshalipiwa katika nauli. Nafasi huwekwa bila malipo, kwenye akaunti ya safari kabla ya kupanda au kwenye programu ya simu ya kampuni ukiwa ndani. Programu hiyo hufanya kazi kwa waifai ya meli hata kama hukununua intaneti, basi ipakue na uingie ukiwa bado nchi kavu. Nafasi zikifunguliwa, chukua siku hiyohiyo. Kuziacha baadaye ni rahisi kuliko kuzipata baadaye.

Chagua kwa mpangilio huu.

Kwanza, onyesho la AquaDome. Viti ni vichache kuliko vya ukumbi mkubwa, na hakuna kitu cha namna hii mahali pengi pengine duniani. Kaa katikati, safu za juu kidogo. Bwawa liko mbele yako na maji yanaporomoka nyuma yake. Mpiga mbizi anapanda juu kabisa, anasimama nchani mwa ubao akiwa amekupa mgongo, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyoshika, na muziki unapungua. Kisha anajiachia. Ukumbi mzima huvuta pumzi pamoja kabla maji hayajapasuka. Safu za mbele hulowa, na kamera hulowa nazo; watoto watakuomba mkae hukohuko, na wana haki yao, lakini wavalishe nguo za kulowa.

Pili, onyesho la barafu katika uwanja wa Absolute Zero. Wachezaji wanateleza kwa kasi wakati meli yenyewe inatembea baharini. Uwanja ni mdogo kwa idadi ya abiria, na ndani kuna baridi. Beba sweta au shali, hasa ukitoka juani.

Tatu, tamthilia ya muziki katika Royal Theater. Kwenye Icon ni The Wizard of Oz, na kwenye Star ni Back to the Future. Ukumbi ni mkubwa zaidi, basi hata ukichelewa kuweka nafasi bado una matumaini. Tenga kama saa moja na nusu.

Jaribu kuweka maonyesho haya matatu ndani ya nusu ya kwanza ya safari. Sababu ni bahari. Upepo ukizidi au mawimbi yakikua, mbizi na michezo ya barafu huahirishwa kwa usalama wa wachezaji. Aliyeweka nafasi usiku wa pili bado ana siku za kufidia; aliyeweka usiku wa mwisho hana.

Ukikosa nafasi, usikate tamaa. Kuna foleni ya wasio na nafasi, na viti vya waliochelewa hutolewa dakika chache kabla ya kuanza. Fika mapema, kama nusu saa kabla. Na kwa haki hiyohiyo, wewe mwenye nafasi ukichelewa, kiti chako atakalia mwingine.

Hatua ya 4: Sasa weka saa za kula

Ukumbi mkuu una mipango miwili. Wa kwanza ni wa saa maalumu, meza ileile na wahudumu walewale kila usiku. Kuna zamu ya mapema, jioni, na zamu ya baadaye, usiku. Wa pili ni wa saa unayoichagua mwenyewe siku kwa siku.

Mimi napenda saa maalumu, zamu ya mapema, na sababu yangu ni wahudumu. Usiku wa kwanza wanakuuliza jina. Usiku wa tatu chai yako inafika bila kuagiza, na yule mwenye mzio wa karanga mezani kwenu anajulikana na jiko zima. Huwezi kupata hilo kwa kuhamahama. Lakini familia ambayo watoto wake hulala mchana, au watu ambao maonyesho yao yameangukia saa zisizolingana, wachukue mpango wa kujichagulia na kuweka saa zote kwenye programu mapema.

Mfano wa jioni iliyopangwa vizuri ni huu. Onyesho la AquaDome ni saa mbili usiku. Unataka kuwa umekaa saa mbili kasoro robo. Kutoka tezini hadi omoni, na kupanda, toa dakika ishirini hadi nusu saa. Basi mezani unaondoka saa moja na robo. Mlo wa kuhudumiwa huchukua kama saa moja na nusu, kwa hiyo unakaa saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Mwambie mhudumu mapema kwamba una onyesho saa mbili. Atakuletea vyakula kwa mwendo unaofaa, na hataudhika.

Hesabu ikigoma, yaani onyesho limewekwa saa moja kamili, acha meza siku hiyo. Kula AquaDome Market, hatua chache tu kutoka mlango wa ukumbi. Kwa maoni yangu hili ndilo tumizi bora la vibanda vile, na watu wachache huliwaza.

Mwenye mzio, au asiyekula vyakula fulani kwa sababu ya dini au afya, aiandikie kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, kisha amkumbushe mkuu wa wahudumu usiku wa kwanza. Vyakula vingine huhitaji kupakiwa bandarini, na huko katikati ya bahari hakuna pa kuvinunua.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya vinywaji

Maji, chai, kahawa ya kawaida na maji ya limau yenye sukari ni bure. Soda, kahawa maalumu kama espresso, na vileo vinalipiwa. Katika safari zinazoanzia Marekani vileo ni kwa waliotimiza miaka 21, na kila agizo huongezwa tozo ya huduma ya asilimia 18.

Kifurushi cha vileo kina sharti moja linalowashtua wengi: mtu mzima mmoja chumbani akikinunua, watu wazima wote wa chumba hicho hutakiwa kukinunua. Kwa hiyo hesabu ni ya chumba. Gawanya bei ya siku kwa bei ya kinywaji mnachokunywa kweli, zote mbili zikiwa na ile asilimia 18, upate idadi ya vinywaji vya kurudisha pesa kila siku. Kumbuka pia kwamba siku za bandarini mtakuwa nje ya meli kwa saa nyingi. Asiyekunywa vileo atazame kifurushi cha soda au kile cha vinywaji visivyo na kileo, la sivyo aishi kwa vile vya bure, navyo vinatosha.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Ukishapanda, kwanza maliza zoezi la usalama. Tazama maelezo kwenye simu, kisha nenda kwa miguu yako hadi kituo chako cha kukusanyikia ili uandikishwe. Ni lazima kwa kila abiria kabla meli haijaondoka, na ukilimaliza mapema unakuwa huru.

Njaa ikiuma, usifuate msafara unaoelekea Windjammer. Saa sita hadi saa nane mchana wa siku hiyo, nusu ya meli iko huko na mabegi mgongoni. Nenda Park Café au AquaDome Market, ule umekaa.

Zijue na lifti zake. Ndani hakuna vitufe vya sitaha. Unagusa namba ya sitaha kwenye kioo kilicho nje, nacho kinakuonyesha herufi ya lifti yako. Unasimama mbele ya herufi hiyo na kungoja. Mtu anayedandia lifti yoyote iliyofunguka hujikuta anapelekwa asikokwenda, na jioni ya onyesho huo ni muda mwingi. Sitaha mbili tatu, panda ngazi.

Hatua ya 7: Mchana

Category 6, bustani ya maji ya Thrill Island, ina mabomba sita ya kuteleza majini, yote yamo ndani ya nauli. Foleni huwa fupi siku ya kupanda, na siku za bandarini wengi wakiwa wameshuka. Mabwawa ni saba. Hideaway, lililo juu upande wa tezini, ni la watu wazima peke yao. Crown's Edge, ambapo unatembea juu ya bahari ukiwa umefungwa kamba, hulipiwa. Mwenye kuogopa urefu asishawishiwe na wenzake.

Hatua ya 8: Nawa kwa sabuni

Hatua hii ni fupi lakini isirukwe. Norovirusi, virusi vya kutapisha na kuharisha, huenea haraka panapokula watu wengi kwa vijiko vilevile vya kupakulia, na dawa ya mikono yenye alkoholi haifanyi kazi vizuri dhidi yake. Mlangoni mwa Windjammer kuna masinki. Nawa kwa sabuni na maji kila unapoingia, hata kama umetoka chumbani sasa hivi. Ukianza kutapika au kuhara, baki chumbani na upigie kituo cha matibabu cha meli.

Hatua ya 9: Baada ya onyesho

Usilale mara moja kila usiku. Kuna baa ya wapiga piano wawili wanaoshindana kwa nyimbo zinazoombwa na wateja, Boleros yenye muziki wa Kilatini, Lou's ya jazi na bluzi, na ukumbi wa karaoke. Kuingia kusikiliza kwenye baa hizi hakulipiwi. Unalipia unachokunywa, na glasi ya maji haikufukuzishi. Kwa wapiga piano, fika mapema kwa sababu pakijaa pamejaa, na wimbo unaoombwa huandikwa kwenye karatasi.

Muda wa simu nao unadanganya. Ukitia nanga katika nchi yenye saa tofauti, simu inaweza kujibadilisha yenyewe huku meli ikibaki na saa yake. Maonyesho, meza na kuondoka kwa meli hufuata saa ya meli. Mimi huvaa saa ya mkononi niliyoilinganisha na ya meli siku ya kwanza, na siigusi hadi ninashuka.

Hatua ya 10: Usiku wa mwisho

Fungua hesabu yako kwenye programu asubuhi ya siku ya mwisho baharini, uipitie mstari kwa mstari: vinywaji, migahawa, bakshishi ya kila siku. Ukiona kitu usichokijua, nenda mapokezi mchana. Usiku ule foleni huwa ndefu, na asubuhi ya kushuka huwa ndefu zaidi.

Zawadi ya ziada kwa mhudumu wa meza na wa chumba mpe mkononi, ndani ya bahasha, kwenye mlo wa mwisho. Bahasha huombwa mapokezi. Mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango usiku huo na kuchukuliwa, basi bakiza nguo za asubuhi, dawa na hati ya kusafiria kwenye begi dogo. Kiamshakinywa cha asubuhi ya kushuka hufungwa mapema kuliko siku nyingine. Amka, kula, kisha ushuke kwa zamu ya namba iliyo kwenye lebo za mabegi yako.